Kuhamisha na kuchuja waini ya nyumbani na pampu ya vakyumu (mgongo upumzike)

Kama ushawahi kuinua demijoni (ile chupa kubwa ya kuchachushia waini) ya lita 20 kutoka sakafuni ukaipandisha kwa meza ya jikoni ndio uivute na mpira kwa mdomo, hio shida unaijua. Mgongo unalia, mashapo uliyongojea miezi miwili yalale chini yote yameamka, na mwisho wake waini imekujaa mdomoni na nusu lita iko kwa sakafu. Nilichoka na hio sarakasi, saa hii demijoni zangu zote mbili zinakaa chini na pampu ndogo ndio inatoa jasho.

Kazi yake si ngumu kuelewa. Unatoa hewa kwa demijoni tupu, ile iliyojaa unaiacha wazi, halafu hewa ya nje inaikandamiza waini na kuisukuma ipite kwa mpira iende kule ambako hewa imepungua. Watu husema pampu inavuta waini lakini waini haifai kuifikia pampu hata tone moja, hio kumbuka tukifika kwa chupa ya katikati.

Kwanza vyombo. Demijoni inayopokea lazima iwe ya glasi, nene, ya duara, haina ufa wala alama ya kugongwa. Mtungi wa plastiki wa maji usijaribu, mimi nilijaribu, nikasikia tu "kwap" na ukabonyea kama kopo la soda lililokanyagwa. Chupa za pembe nne au zenye ubavu bapa pia achana nazo hata kama ni za glasi, hazistahimili. Na hata hio nzuri ifunike blanketi nzito kabla uwashe pampu, kwa sababu glasi ikivunjika chini ya vakyumu vipande havianguki tu, vinaruka. Watoto watoke jikoni. Ile inayotoa waini haina presha yoyote kwa hivyo hata plastiki ya chakula ni sawa.

Sasa pampu. Mimi nilianza kwa kuazima ya fundi wa friji hapa kwa ploti, akanipa na onyo moja tu, "Boss, hii usinirudishie na maji ndani." Nikamwambia hakuna noma. Jioni nilipoirudisha akafungua pale chini na oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa, kabisa, ungeweza kuitafutia mandazi. Hakusema kitu, aliniangalia tu. Nililipa oili mpya. Zile pampu zinatumia oili na hazipendi unyevu, tena zinapumua moshi wa oili ambao hutaki karibu na waini, na nguvu zake zimezidi. Kitu unataka ni pampu kavu ya diafragimu, isiyotumia oili, zile ndogo za volti 12 zinatosha kabisa. Ukiwa na mjomba Kiambu mwenye mashine ya kukamua ng'ombe basi wewe umebarikiwa, hizo mashine hufanya kazi kwa kilopaskali 40 hadi 50 hivi (ni sawa na bar 0.4 hadi 0.5), ndio nguvu yenyewe tunataka. Na kama unahamisha lita tano tano, pampu ya mkono ya kutoa hewa kwa breki inaweza, nenda Kirinyaga Road hapa Nairobi utafute, lakini inunuliwe mpya, iliyowahi kugusa mafuta ya breki ni sumu.

Jambo la geji, ile saa ya kupima vakyumu. Sisi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ya Nairobi inasukuma kwa bar 0.82 hivi, Mombasa ni 1.01. Kwa hivyo hata ukinunua pampu ya nguvu namna gani geji itakwama kwa 0.8 na haitasonga. Mimi nilibadilisha mipira mara mbili nikitafuta mahali hewa inapenya, kumbe ni Nairobi tu. Na haijalishi, kwa sababu kazi yetu inataka 0.3 hadi 0.5, ukizidisha unaanza kunyonya harufu nzuri ya waini yako na kuitupa hewani.

Kufunga mipira ni hivi. Tafuta kizibo cha raba chenye matundu mawili kinachokaza mdomo wa demijoni tupu. Tundu la kwanza linapita kijiti kigumu cha plastiki hadi karibu na chini, pembeni kidogo ili waini iteremke polepole kwa ukuta wa glasi na isirushe povu. Tundu la pili ni fupi, hilo ndilo la hewa, linaenda kwa chupa ya katikati na kutoka hapo ndio kwa pampu. Hii chupa ya katikati ni jagi dogo la glasi nene lenye kifuniko cha matundu mawili, kazi yake ni kudaka povu au waini iliyozidi. Waini changa ina gesi nyingi, ukiifanyia vakyumu inachemka kama soda iliyotikiswa na povu linapanda mpaka shingoni. (Hio pia ni faida, gesi inatoka bila wewe kukoroga nusu saa.) Halafu kwa mpira wa hewa weka kiungo cha njia tatu, mguu mmoja uache wazi, huo unaufunga na kidole gumba. Ukibonyeza waini inatembea, ukiachilia inapungua mwendo. Nimeona watu wakinunua valvu za bei wakati wana vidole kumi.

Upande wa waini, kijiti cha kunyonya kishikilie juu ya mashapo kama sentimita tatu, ukiona imeanza kuja na vumbi toa. Usiwe mchoyo na ile nusu kikombe ya mwisho. Bila filta, lita 20 zangu humaliza kwa dakika saba hivi, sijainua kitu.

Kwa filta sasa ndio watu wengi wanakosea, na kosa haliko kwa pampu. Wanachukua waini ya papai ya wiki tano, bado ni kama uji, wanataka filta ifanye muujiza. Haitafanya. Itaziba lita ya tatu na utabaki unabonyeza kidole mpaka kifanye ganzi. Waini ingoje ijisafishe yenyewe kwanza, uihamishe bila filta mara moja au mbili, baridi ya Julai inasaidia sana kulaza mashapo. Kama ni papai au embe ukungu mwingi ni pektini (utando wa tunda unaogandisha jamu), hio inataka kimeng'enya cha kuivunja tangu siku ya kwanza. Shika chupa mbele ya tochi ya simu, ukiona mwanga umepita vizuri bila mawingu, hapo iko tayari.

Filta yenyewe ni ile nyumba ya inchi 10 (kopo lenye kifuniko cha kukaza) wanayouza kwa watu wa maji ya borehole, na kijiti cheupe cha plastiki ya polipropilini ndani, hicho ndicho kinachuja. Inakaa katikati ya demijoni mbili, upande wa kuingia na wa kutoka usichanganye, waini inatoka nje ya kijiti ikiingia ndani. Anza na mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) halafu rudia na mikroni 1, ukiruka moja kwa moja utaziba. Kijiti kipya kina ladha ya plastiki, pitisha lita kumi za maji yaliyochemshwa na kupoa zenye asidi ya ndimu kidogo, halafu mengine safi. Jik usiguse nayo kitu chochote hapa, klorini ikikutana na waini inaleta harufu ya kabati la nguo zilizolowa na hio haitoki. Nusu lita ya kwanza kutoka ni maji maji, mwaga.

Halafu kaa uangalie mpira baada ya filta. Ukiona viputo vidogo vinapita mfululizo, hewa inaingia mahali, mara nyingi ni ile raba ya duara kwa kifuniko cha filta au kilipu iliyolegea. Usiseme zitaisha. Waini inakunywa hio oksijeni yote na baada ya mwezi waini yako nyeupe ni rangi ya chai ya rangi. Simamisha, lowesha raba, kaza, endelea.

Na mikroni 1 haiondoi hamira yote. Hata ikitoka inang'aa, kama umeongeza sukari bila sorbate (dawa ya kuzuia hamira isizaane) chupa zitaanza kulipuka kabatini. Mimi baada ya kuhamisha naongeza gramu moja ya metabisalfaiti ya potasiamu (inatoa gesi ya salfa inayolinda waini) kwa lita 20, sababu vakyumu hunyonya na ile gesi iliyokuwepo. Mwenye pumu asiinamie hapo. Kama unafikiria kuuza, hio ni hadithi nyingine, sheria ya vileo ya 2010 inataka leseni.

Ukimaliza, achilia kidole kwanza hewa irudi ndio uzime pampu, ukizima kabla inaweza kurudisha uchafu wa chupa ya katikati kwa waini. Ndani ya nyumba ya filta huwa kunabaki kama glasi tatu ambazo hazijachujwa. Hio mimi naweka kwa jagi kwa friji, Jumapili inaenda kwa sufuria ya nyama.