Somo: Kuwafundisha watoto ardhioevu na viumbe wake, tukianzia maji yaliyo karibu na shule

Somo hili la ardhioevu, yaani mahali penye maji ya kudumu au ya msimu kama kinamasi, ziwa, ukingo wa mto au jaruba, ni la walimu wa shule za msingi, walezi wa klabu za mazingira na wazazi wa Moshi na Arusha. Nimelipanga kwa watoto wa darasa la tatu hadi la sita. Kwa wadogo zaidi, chukueni hatua ya tatu peke yake, inatosha.

Nitangulize msimamo wangu. Watoto wetu wanafundishwa makatazo kabla hawajamwona kiumbe mwenyewe. Usikate matete, usiue ndege, usitupe taka. Wanakariri, wanajibu mtihani vizuri, kisha jioni ileile wanampiga chura mawe njiani. Mimi nataka tugeuze mpangilio: mtoto amwone kwanza, ajue anakula nini, anazaa wapi, anamkimbia nani. Makatazo yatakuja baadaye, na mara nyingi atayasema mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Chagueni sehemu moja, mrudi hapohapo mwaka mzima

Msitafute mahali pa kupigia picha. Tafuteni mahali panapofikika kwa miguu, penye maji angalau kwa miezi kadhaa, na ambapo mwalimu akisimama anawaona watoto wote. Moshi tumejaliwa. Kuna Msitu wa Rau unaoishi kwa maji yanayotoka ardhini, kuna Njoro, kuna majaruba ya mpunga ya Mabogini, na shule za juu mlimani zina mifongo, mifereji ya asili iliyochimbwa na mababu. Arusha mna Ziwa Duluti pale Tengeru, ziwa la kreta lenye msitu kuzunguka na njia ya miguu, na mna Mto Themi unaokatisha mjini.

Rau na Duluti ni misitu ya hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo pitieni ofisini kwao mapema mjue utaratibu na ada. Kwingineko, ongeeni na mwenye shamba na mwenyekiti wa mtaa.

Safari ya Maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni nzuri sana, ila ningeiweka mwisho wa mwaka. Mtoto ambaye hajawahi kumtazama yangeyange wa jaruba la jirani ataishia kushangilia basi na soda.

Ziara ya kwanza iwe mwanzoni mwa Februari. Tarehe 2 Februari ni Siku ya Ardhioevu Duniani, kumbukumbu ya mkataba wa kulinda ardhioevu uliosainiwa katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Tanzania ilijiunga mwaka 2000. Lakini sababu yangu kubwa ni majira. Februari kwetu ni kiangazi, maji yamepungua, udongo wa ukingoni umepasuka. Chomekeni kijiti kirefu chenye alama kila sentimita 10. Mkirudi Aprili, masika imekolea, watoto watajisomea wenyewe maji yamepanda kiasi gani na kuona majani yaliyokuwa makavu sasa yana viumbe.

Hatua ya pili: Usalama, bila mjadala

Hakuna mtoto anayeingia majini. Uwanda wa chini wa Moshi kuelekea Arusha Chini unajulikana kwa kichocho tangu miaka mingi. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini, hutoka kwa wingi jua likiwa kali, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Kwa hiyo nendeni asubuhi, mtu mzima mmoja mwenye gambuti ndiye achote maji, na watoto wakae ukingoni pakavu. Mtoto asitumbukize mkono kwenye beseni lililochotwa hapo. Atumie kijiko kirefu.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lina mamba na viboko. Ukingo wake si mahali pa kupeleka darasa.

Hatua ya tatu: Beseni jeupe

Hii ndiyo roho ya somo, ipeni muda kuliko hatua nyingine zote. Vifaa ni beseni jeupe la plastiki, kipande cha chandarua chakavu kilichofungwa kwenye waya wa duara na mpini wa fimbo, na vijiko.

Anayechota apitishe chandarua taratibu katikati ya majani yaliyozama, si kwenye maji ya wazi. Maji ya wazi hayana watu, kama wasemavyo watoto wangu. Mwageni kilichopatikana ndani ya beseni lenye maji kidogo, kisha mnyamaze. Dakika ya kwanza wataona uchafu. Baadaye uchafu unaanza kutembea.

Mtafuteni mtoto wa kereng'ende. Ana rangi ya tope, miguu sita, macho makubwa, na hana mabawa kamili. Mwacheni karibu na kiluwiluwi wa mbu muone: mdomo wake wa chini unakunjuka ghafla kwenda mbele kama mkono, unadaka na kurudi. Watoto wakishaona tendo hilo mara moja, hamtahitaji kuwaeleza kwa nini kereng'ende ana faida kwa binadamu.

Kisha viluwiluwi wa mbu wenyewe. Mbu anayeeneza malaria, anofelesi, kiluwiluwi wake hulala sambamba na uso wa maji. Wa kuleksi, yule anayetusumbua usiku kwa mlio, huning'inia kichwa chini na kupumua kwa kimrija cha mkiani. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuwatofautisha baada ya kuonyeshwa mara moja, na atakwenda kuwafundisha wazazi wake.

Wakati wa mvua tafuteni mayai ya chura. Chura mwenye ngozi ya vipele hutaga nyuzi ndefu, mayai yamepangika kama shanga. Wengine hutaga donge la utelezi. Na mkibahatika mtaona povu jeupe limeganda kwenye tawi lililoinamia maji. Ndani yake kuna mayai ya chura wa mitini, na viluwiluwi wakishakomaa kiasi povu hulainika nao huanguka majini. Nimeona watu wazima wakilipiga fimbo wakidhani ni ugonjwa wa mti. Mtoto aliyeelezwa hatalipiga.

Kabla ya kuondoka, kila kilichomo ndani ya beseni kirudi palepale kilipotoka.

Ndege waangaliwe mkiwa mmekaa chini. Anzeni na wanne: yangeyange mweupe, mdiria anayetazama maji kutoka kwenye tawi, korongo, na fundi chuma. Huyu wa mwisho ana kisa kizuri, kwa sababu kiota chake ni lundo la vijiti linaloweza kufika upana wa mita moja na nusu, na mlango wake uko chini. Wengi wetu tulikatazwa tangu utotoni kukigusa. Waulizeni watoto waliambiwa nini nyumbani. Makatazo hayo ya wazee yamelinda ndege wengi, yaheshimiwe.

Hatua ya nne: Chupa mbili

Hii ifanyike darasani. Kateni chupa mbili za maji za lita moja na nusu kwa urefu, upande mmoja, na mziache zikiwa na shingo. Moja jazeni udongo mtupu. Nyingine wekeni udongo uliochimbwa pamoja na nyasi na mizizi yake. Zilazeni zikiinama kidogo, shingo ining'inie nje ya meza, na glasi chini ya kila shingo. Mimineni nusu lita ya maji kila moja, kwa mwendo uleule.

Kwenye udongo mtupu, maji yatashuka haraka, yakiwa tope. Kwenye nyasi yatachelewa, yatakuwa machache na meupe zaidi, na yataendelea kudondoka wengine wakiwa wameshaanza kufuta ubao. Hapo ndipo muwaulize: mkikausha kinamasi na kung'oa matete, mto wa chini utakuwaje siku ya mvua kubwa? Na utakuwaje Septemba?

Hatua ya tano: Fuateni maji kwenye ramani

Chorani sakafuni kwa chaki. Themi inatoka Arusha na kuingia Kikuletwa. Kikuletwa inakutana na Mto Ruvu kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni Mto Pangani, mpaka Bahari ya Hindi. Mwekeni mtoto mmoja asimame Arusha na mfuko wa takataka, mwingine asimame Nyumba ya Mungu akiwa mvuvi, mwingine awe mama anayenunua perege sokoni Moshi. Mfuko upite mkono kwa mkono. Huhitaji hotuba.

Hatua ya sita: Kazi moja ya ulinzi

Moja tu, ndogo, na ifanyike mwaka mzima. Kuokota plastiki kwenye kipande chenu kila mwisho wa mwezi. Au kuotesha miti ya asili inayopenda maji kama mkuyu pembeni ya mfereji. Si mikaratusi, kwa sababu inavuta maji mengi. Au kuhesabu ndege na kuandika kwenye bango la darasa. Msichanganye zote. Klabu nyingi hufa kwa kupanga mambo kumi Januari.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mzazi, Pasua:* Shikamoo mwalimu. Nauliza kwa nia njema. Hayo madimbwi ndiyo yanatuletea malaria. Si bora yafukiwe kuliko kuwafundisha watoto kuyapenda?

Marahaba mama, na ni swali la haki. Anofelesi wetu wengi hupenda maji madogo ya wazi yenye jua yasiyo na maadui: nyayo za ng'ombe, matairi ya trekta yalipopita, mashimo ya matofali, na majaruba yaliyojazwa maji upya. Kinamasi cha muda mrefu chenye samaki, watoto wa kereng'ende na vyura kina walaji wengi wa viluwiluwi. Sisemi hakina mbu. Nasema anzeni na kufukia mashimo ya mtaani na kulala ndani ya chandarua kabla ya kumwaga adui wa mbu.

*Mkulima wa mpunga, Mabogini:* Mwanangu amerudi kutoka shule akaniambia baba wewe unaharibu mazingira. Shamba hilo ndilo linamlipia madaftari. Mnawafundisha kutudharau?

Pole sana kaka, na hapo mwalimu aliyefundisha hivyo amekosea njia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani, na watoto wanapaswa kuijua. Lakini mkulima si adui wa somo hili. Jaruba lako lenyewe linalisha yangeyange na vyura. Ningefurahi darasa lije kwako, uwaeleze unavyogawana maji na wenzako, zamu zinavyopangwa, na kwa nini chupa ya dawa ya wadudu haioshwi mferejini. Hilo la mwisho ndilo linaloua samaki na kereng'ende kwa siku moja, na mtoto akilisikia kutoka kwa baba yake hatalisahau.

*Mwalimu, Sombetini:* Shule yetu haina mto wala bwawa karibu. Tufanyeje?

Mwalimu mwenzangu, fanyeni hatua ya nne na ya tano darasani, kisha tumieni anga. Yangeyange hulala pamoja kwenye mti mmoja au michache, na jioni hurudi makundi kwa makundi. Watoto wakae uwanjani kabla ya kuondoka, wahesabu makundi na waandike yanaelekea upande gani. Baada ya wiki chache mtakuwa mmejua mti wenyewe. Na masika ikija, lile dimbwi la kona ya uwanja msilifukie kabla hamjaliangalia, mradi lisikae karibu na madarasa.

*Mwanaklabu, kidato cha pili, Arusha:* Shikamoo. Ni kweli heroe (flamingo) wote wanazaliwa Ziwa Natron?

Marahaba mwanangu. Si wote. Ni heroe wadogo, na inakadiriwa kuwa takriban asilimia 75 ya heroe wadogo duniani huzaliwa hapo, ndani ya mkoa wako. Maji yale ya magadi ni makali, na ukali huo ndio unaowasaidia, kwa sababu fisi na mbweha hawapendi kuvuka tope hilo kufika kwenye viota. Heroe hujenga kichuguu cha tope na kutaga yai moja juu yake. Rangi yao ya waridi hutokana na mwani wanaokula. Bonde la Natron limeorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar tangu 2001.

*Mzazi, Tengeru:* Mtoto amekuja na viluwiluwi wanne wa chura kwenye kopo, anataka kuwafuga. Nimruhusu?

Dada, mwache awatazame mpaka jioni, wakiwa kwenye kivuli na kwenye maji yaleyale aliyowachotea, si ya bomba yenye dawa. Kesho asubuhi mwende wote mkawarudishe palepale. Wanyama wakubwa kama kobe, kenge au kifaranga cha ndege asiwachukue hata kwa saa moja. Kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa, na kifaranga aliyeko chini mara nyingi mama yake yuko jirani akisubiri muondoke.

*Mlezi wa klabu, Himo:* Tuna watoto 60. Gambuti za wote tutazipata wapi?

Hamzihitaji. Jozi moja ya mchotaji inatosha. Wagawe watoto makundi ya kumi kumi, kila kundi na beseni lake na mtu mzima wake, na wengine wakisubiri wachore ndege. Mkitaka klabu itambulike rasmi, ulizeni Malihai Clubs, wanaosimamia klabu za mazingira za shule; makao yao makuu yako Arusha.