Kabla ya Kununua Kisu cha Kambini, Anza na Ala

Muuzaji atakuwekea kisu mezani kikiwa kitupu, kinang'aa, na macho yako yatakwenda moja kwa moja kwenye makali. Muombe ala kwanza. Kisu kisichokunjwa hakina pa kuyaficha makali yake. Muda wote usiokitumia, na huo ndio muda mwingi, kinachotenganisha makali hayo na paja lako, hema lako au mtoto anayepekua begi ni ala peke yake. Wapo wanaolipa pesa nzuri kwa chuma kizuri kilichofungwa ndani ya ala ya kitambaa yenye kifungo kimoja kilicholegea. Kwangu mimi hicho ni kisu nusu.

Ijaribu pale pale dukani. Chomeka kisu, kigeuze kichwa chini juu ya meza, kitikise kwa nguvu. Kikichomoka, kiache hapo. Kisha kichomoe polepole mara kadhaa huku ukitazama vidole vya mkono unaoshika ala. Vikizunguka upande wa makali, ujue siku moja vitakatwa, kwa sababu makali hula ngozi na kitambaa kidogo kidogo kutoka ndani, na yanapotokeza nje hukuta vidole viko tayari. Ala nzuri hukuruhusu kusukuma kwa dole gumba ukingoni mwake, kisu kiachie, ndipo ukivute.

Kama ala ni ya ngozi, chungulia mshono. Fundi anayejua kazi huweka kipande cha tatu cha ngozi katikati ya zile pande mbili, kwenye upande wa makali, ili kisu kikigusa kiguse ngozi na si uzi. Bila kipande hicho, kila unapochomeka kisu unakata uzi, na mshono utaachia ukiwa njiani. Ngozi pia hunywa maji na kuyashikilia, na dawa zinazotumika kusindika ngozi zikichanganyika na unyevu hula chuma. Tembea na kisu ndani ya ala ya ngozi, lakini nyumbani kihifadhi nje yake, kikavu, kimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Ala ya plastiki ngumu haina matatizo hayo. Iangalie tu kama ina tundu chini la kutoa maji na mchanga, hasa kama unakaa pwani. Mwenye kutumia mkono wa kushoto aulize mapema kama ala inaweza kugeuzwa, kwani nyingi hutengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia tu.

Baada ya ala, jiulize kisu kitafanya kazi gani. Hapa ndipo wengi wetu tunapotezwa na mafundisho kutoka nchi za misitu ya baridi, Sweden, Finland au Kanada, ambako mtu hukiweka kisu juu ya gogo lililolowa na kukipigilia kwa kipande cha mti mpaka gogo lipasuke, apate ukuni mkavu wa ndani. Kwa kazi hiyo wanataka kisu kinene na kirefu. Afrika Mashariki tuna panga, na hakuna kisu cha sentimita 15 kitakachoshindana na panga la kawaida la shambani katika kukata matawi, kufyeka nyasi pa kuweka hema au kupasua kuni. Tena sehemu nyingi tunazopenda kwenda hazina kuni za kupasua. Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro, kwa mfano, kukata na kuwasha kuni hakuruhusiwi, wapishi hupanda na majiko yao. Ukitaka kupiga kambi hifadhini, uliza kanuni za moto kwanza, kwa sababu jibu hilo linaweza kukupunguzia nusu ya uzito wa kisu ulichokuwa unakifikiria.

Kazi zinazobaki ni ndogo na ni za kila saa: kumenya viazi, kukata vitunguu vya kachumbari, kukata kamba ya hema, kuchonga vigingi, kufungua mfuko wa unga, kuparua samaki na kumtoa matumbo. Kazi zote hizo zinataka ubapa wa sentimita 9 hadi 11, wenye unene wa milimita 2.5 hadi 3.5 mgongoni. Ukiongeza urefu, kiazi kinakuwa taabu. Ukiongeza unene, kisu kinapasua karoti badala ya kuikata. Wanaotarajia kuchinja mbuzi kambini wabebe kisu cha pili kwa kazi hiyo, kirefu na chembamba, na wakinoe nyumbani kabla ya safari, kwani adabu ya kuchinja inataka kisu kikali na kisinolewe mbele ya mnyama.

Umbo la ncha lisikusumbue sana. Mgongo ulionyooka au unaoshuka kidogo kuelekea nchani unatosha. Visu vyenye meno ya msumeno mgongoni viache: meno hayo hayakati mti ipasavyo, na yanakunyima mahali pa kuegemeza dole gumba unapochonga. Viache pia visu vyenye mpini ulio wazi ndani, wenye dira kwenye kifuniko na sindano na viberiti tumboni. Vinapendeza mkononi mwa kijana, lakini ubapa wake umeshikwa na mpini kwa nati au kwa ulehemu mdogo tu, na hapo ndipo vinapovunjika.

Hilo linatuleta kwenye sehemu ya chuma usiyoiona, ule mkia unaozama ndani ya mpini. Kwenye visu vingine mkia ni mpana kama mpini wenyewe na unaonekana pembeni ukizungukwa na vipande viwili vilivyobanwa kwa ribiti. Hivyo ndivyo imara zaidi. Kwingine mkia ni mwembamba na unaishia katikati. Usiambiwe kwamba aina hii ya pili haifai kabisa. Kule Mora, katika jimbo la Dalarna nchini Sweden, kampuni ya Morakniv inatengeneza kisu kiitwacho Companion, ubapa wake sentimita 10 na kitu, unene milimita 2.5, mkia wake haufiki mwisho wa mpini, na ni miongoni mwa visu vya kambini vinavyoaminika zaidi duniani kwa bei ndogo. Kwa kazi nilizozitaja kinatosha na kubaki. Mwenye kutaka mkia mzima kutoka kiwanda hicho hicho ana Garberg, ambacho ni kizito na ghali zaidi. Kwa mtu anayeanza, mimi ningemwelekeza kwenye kile cha kwanza, na pesa inayobaki anunue kinoo.

Mpini ushike kwa mkono uliolowa. Omba maji dukani kama yapo, au mafuta kidogo, kwa sababu utakapokuwa unamtoa changu matumbo mikono haitakuwa mikavu. Ngumi ikifunga, vidole vyote vinne vipate nafasi na mpini ubaki kidogo nyuma ya kidole cha mwisho. Mbele ya kidole cha shahada pawe na kizuizi, hata kidogo, cha kuzuia mkono usiteleze kuelekea kwenye makali. Mipini ya mpingo inapendeza kuliko yote na haiozi upesi, ila ikipigwa msasa mpaka ing'ae inakuwa telezi, kwa hiyo mwambie fundi aiache na ukwaruzo. Plastiki yenye mpira juu yake haina uzuri wa kutazama, lakini haijali maji wala jua.

Sasa chuma. Kuna makundi mawili makubwa. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi na kushika makali vizuri, lakini kinashika kutu. Kikatie limau au nyanya ukiache dakika chache, utaona doa jeusi, na chakula kitapata ladha ya chuma. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu ya kutosha, kuanzia takriban asilimia 10.5, na kwa kweli hata hicho hushika kutu ukikiacha na maji ya chumvi, isipokuwa kinachelewa. Kwa mtu wa Tanga, Lamu, Unguja au Mombasa sina mjadala: chukua kisichoshika kutu. Kwa mtu wa bara anayependa kufuta na kupaka mafuta kila baada ya kazi, kaboni itamfurahisha. Mafuta ya cherehani yanalinda chuma vizuri, ila yafute yote kabla kisu hakijagusa chakula. Mkiwa kambini, tone la mafuta ya kupikia linatosha.

Madukani utaambiwa kwamba kisu halisi kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku. Si kweli kwa visu. Chuma kisichovutwa na sumaku ni kile cha vijiko na masinki, ambacho hakiwezi kupewa ugumu kwa moto, na kisu chake huwa butu kabla sufuria haijachemka. Vyuma vizuri vya visu, vya kaboni na visivyoshika kutu, karibu vyote huvutwa. Kwa hiyo beba kipande cha sumaku. Kikidondoka kwenye ubapa wa kisu cha bei ya chini, umeshajua. Kipimo cha pili ni tupa, kile chuma chenye meno cha kusugulia vyuma: muuzaji akikuruhusu, gusa mgongo wa kisu karibu na mpini. Tupa ikiteleza, au ikishika kwa taabu, chuma kina ugumu. Ikichota unga wa chuma bila shida, ni laini.

Usimdharau mhunzi. Kamukunji jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam wapo mafundi wanaoweza kukutengenezea kisu kutoka kwenye springi ya gari, na springi ni chuma chenye kaboni ya kutosha kupokea ugumu. Sime nyingi za Wamaasai zimezaliwa kwa njia hiyo hiyo au kutokana na matupa ya zamani. Maswali ya kumuuliza ni mawili. Je, springi iliyotumika ilikuwa nzima? Iliyochoka barabarani huwa na nyufa usizoziona kwa macho. Na je, baada ya kukizima kisu kwenye mafuta kikiwa moto alikirudisha kwenye joto la wastani? Kisu kilichozimwa tu bila kurudishwa kwenye joto ni kigumu lakini kinavunjika kikianguka kwenye sakafu. Fundi anayelijua swali hilo atakujibu papo hapo. Chukua kazi yake, umlipe vizuri.

Kunoa lazima ujifunze kabla hujasafiri. Kinoo chenye pande mbili, moja kali na moja laini, kinatosha. Laza kisu kwa pembe ya digrii 20 hivi kila upande, sukuma kama unayetaka kukata kipande chembamba cha kinoo, rudia mpaka uusikie upande wa pili umepata kijikunjo kidogo cha chuma kinachokwaruza, geuza. Visu vya aina ya Companion vina mteremko mpana unaolala wenyewe juu ya jiwe, kwa hiyo mkono wa mwanafunzi hauyumbi. Kuwa mwangalifu na wanoaji wa mitaani wenye jiwe linalozunguka kwa baiskeli au mota. Wako hodari wengi, lakini jiwe kavu linalozunguka kasi huchemsha makali. Ukiona rangi ya samawati imejitokeza ukingoni, ugumu umeondoka hapo, na kisu hakitashika makali mpaka sehemu hiyo iishe kabisa. Mwombe achovye kwenye maji kila baada ya mguso mmoja au miwili.

Swali la kubeba kisu cha namna hii kila siku linahitaji jibu la wazi. Shambani, kwenye mashua, machungani, kisu kiunoni ni sehemu ya kazi na hakuna anayeshangaa. Mjini sikushauri. Kitakwama kwenye mlango wa duka kubwa, kwenye ukaguzi wa stesheni ya SGR, na polisi akikikuta chini ya shati usiku atakuwa na haki ya kuuliza unakipeleka wapi. Kwa kufungua maboksi na kumenya chungwa, kisu kidogo cha kukunja kinatosha. Walioko Ulaya wazingatie zaidi. Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu hadharani kisu cha kukunja kisichojifunga kikifunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3, na kisichokunjwa kinahitaji sababu ya kueleweka, hata kiwe kifupi. Ujerumani, kisichokunjwa chenye ubapa unaozidi sentimita 12 hakibebwi bila haja inayotambuliwa, na tangu 2024 masharti yameongezwa kwenye usafiri wa umma na mikusanyiko. Na popote ulipo, kisu si kinga dhidi ya mnyama wala mwizi. Anayekinunua kwa wazo hilo atachagua kisicho sahihi, na kinaweza kumponza.

Njiani nako, kukiweka kisu kuna utaratibu wake. Kwenye bodaboda kisu kisikae kiunoni mbele wala mgongoni, kwani ukianguka unaangukia kitu kigumu karibu na nyonga au uti wa mgongo. Kiweke ndani ya begi, katikati ya nguo. Kwenye ndege kinakwenda kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si wa mkononi. Kambini kuna kanuni moja ya kukaa: usikate kitu juu ya mapaja. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na kisu kikiteleza hapo, dakika ni chache kuliko umbali wa kufika hospitali. Kata ukiegemeza kazi pembeni ya goti, nje ya mguu, au juu ya ubao. Hakikisha hakuna mtu ndani ya urefu wa mkono wako, na unapompa mwenzako kisu, kiweke chini naye akiokote.

Wiki ya mwisho kabla ya safari, kitumie kisu kipya jikoni kwako kwa kila kitu. Malengelenge yakitokea kwenye kiganja, mpini una kona ya kupigwa msasa, na bado una msasa karibu. Kikiwa butu siku ya pili, bado duka liko wazi. Kisha kifungie safari pamoja na kinoo kidogo, kitambaa, bandeji pana na shashi ya kutosha kukandamiza jeraha. Vitu hivyo vikae mfuko mmoja na kisu, na kila mtu kambini aonyeshwe mfuko huo uko wapi.