Kabla hujageuza faili la CSV kuwa arei, angalia haya kwanza

Wakuu, hasa nyie mnaosaidia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa huku Mbozi, au mnaokaa na wanunuzi wa parachichi Rungwe na Njombe, najua mtu akikuletea flashi yenye mafaili ya CSV (jedwali la maandishi matupu, kolamu zake zimetenganishwa kwa koma) kitu cha kwanza ni kufungua laptopu na kuanza kuandika skripti, yaani programu fupi. Subiri kidogo. Kusoma jedwali na kulitia kwenye arei, yaani orodha ndani ya programu, ni mistari michache tu, iwe kwa lugha ya Python au PHP, kazi iko kabla ya hapo, maana faili likisomwa vibaya mara nyingi halilalamiki, linapita kimya kimya afu kilo za mkulima zinahamia kwa mtu mwingine na hakuna anayejua mpaka siku ya malipo.

Kwanza usilifungue kwa Excel. Tengeneza kopi, ya asili iache kama ilivyo, afu fungua kopi kwa Notepad au programu yoyote inayoonyesha maandishi matupu. Excel inakula sifuri za mbele, namba ya mkulima 0457 inakuwa 457, simu inayoanza na 07 inabaki na 7, na shamba lililoandikwa 10-12 linageuka tarehe, na ukishabonyeza sevu ndo basi tena, hizo sifuri hazirudi. Hata kwenye skripti, namba ya mkulima na namba ya simu ziache ziwe maandishi, hakuna anayezijumlisha.

Sasa kitenganishi, yaani alama inayogawa kolamu, hapa ndo watu wengi wanaumia. Angalia mstari kama huu:

0457,Mlowo,"Kahawa, daraja la kwanza",250,"1,250,000"

Kwa macho ni kolamu tano. Ukikata kila penye koma kwa split(',') ya Python au explode ya PHP unapata vipande nane, sehemu ya kilo imekaa "daraja la kwanza", na ile milioni moja na robo imevunjika vipande vitatu. Kwa hiyo tumia kisomaji kinachoelewa alama za nukuu zinazofungia sehemu, Python ina moduli ya csv, PHP ina fgetcsv, zote zinakuja na lugha yenyewe wala huhitaji bando kupakua kitu, na kwa sehemu zenye mtandao wa kubahatisha hilo ni jambo kubwa. RFC 4180, waraka wa kiufundi wa mwaka 2005, ndo imeandika utaratibu huu wa CSV, kwamba sehemu yenye koma inafungiwa kwa alama mbili za nukuu na alama ya nukuu ikitokea ndani inaandikwa mara mbili, ila mafaili mengi hayaufuati wote. Faili likitoka kwa mnunuzi wa Ulaya unaweza kukuta nukta mkato ndo inatenganisha na koma ndo desimali, yaani 62,5 ni kilo sitini na mbili na nusu. Lingine limetenganishwa kwa kitufe cha Tab. Usikisie, angalia mistari kadhaa ya juu, ya katikati na ya mwisho, maana chini huwa kuna mstari wa JUMLA ambao ukiingia kwenye arei unazidisha kilo zote mara mbili!

Jambo lingine ni jinsi herufi zilivyohifadhiwa. Faili la CSV lililoseviwa na Excel kwa UTF-8 (namna moja ya kuhifadhi herufi) huwa linaanza na alama isiyoonekana, kwa hiyo kolamu ya kwanza unaiona ina jina "namba" lakini skripti inakwambia haipo. Kwenye Python fungua kwa encoding='utf-8-sig', inafanya kazi alama iwepo isiwepo, na weka newline='' ili sehemu yenye mistari miwili ndani yake isomwe sawasawa. Afu sisi tuna ng' yetu. Nyang'oro ikiandikwa na karani mmoja kwa alama iliyonyooka (') na mwingine kwa iliyopinda (’), kwenye arei hivyo ni vijiji viwili tofauti kabisa, kila kimoja na kilo zake. Zigeuze zote ziwe aina moja kabla ya kujumlisha, na nafasi za pembeni ziondoe hapohapo.

Namba za pesa ondoa koma kwanza, int ya Python, inayogeuza maandishi kuwa namba, haipokei "1,250,000". Tarehe 03/04/2024 kwetu ni tatu Aprili ila Marekani ni nne Machi, jua nani kaandika. Sehemu tupu sio sifuri, mkulima ambaye hajapima na aliyepima akapata sifuri ni watu wawili.

Kama unaunganisha mafaili ya miaka tofauti kumbuka Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya 2016, kwa hiyo Mbozi ya faili la 2014 iko chini ya mkoa mwingine, bora upange kwa wilaya.

Amua mapema arei yako itakuwa ya namna gani. Mimi napendelea kila mstari ushikwe kwa majina ya kolamu, sio kwa nafasi, maana karani akiongeza kolamu katikati msimu ujao skripti haiyumbi. Ila hakikisha hakuna kolamu mbili zenye jina moja, DictReader, kisomaji cha Python kinachotumia majina ya kolamu, itabaki na ya mwisho tu bila kukwambia.

Na kabla hujaandika chochote, chukua kitabu cha stakabadhi, andika kwenye karatasi wakulima wangapi na jumla ya kilo ngapi. Skripti ikimaliza, namba zake hizo mbili zilingane na za kwenye karatasi, zisipolingana hakuna kulipa mtu. Mstari wenye kolamu pungufu au zilizozidi usiutupe wala usiulazimishe, uweke kwenye arei yake pembeni pamoja na namba ya mstari, Python unaipata kwa line_num, afu upeleke kwa karani aufananishe na stakabadhi yenyewe.