Ukinywa hidrokotizoni kila siku: homa, kutapika, boti na Ramadhani

Mwili wenye afya ukipata homa huzidisha wenyewe kotisoli, homoni inayousaidia kuhimili maradhi; hidrokotizoni ni kotisoli hiyohiyo iliyotiwa kwenye dawa. Mwili wa mtu ambaye tezi zake za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya mafigo, zimeharibiwa na kifua kikuu au na kinga yake mwenyewe, hauwezi. Hauwezi pia mwili wa mama ambaye tezi yake ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoziamrisha adrenali, ilikosa damu kwa vile alitoka damu nyingi alipojifungua, wala wa aliyepasuliwa uvimbe wa pituitari ikabaki haifanyi kazi. Na wapo wasiojijua: waliokunywa prednisoloni za pumu au deksamethasoni za kunenepa zaidi ya wiki 3 au 4, au waliojipaka krimu kali za kujichubua miaka na miaka, kisha wakaacha ghafla hali tezi zao zimelala.

Wote hao jambo lao ni moja. Dozi ya kila siku inatosha kwa siku ya uzima tu. Siku ya maradhi lazima waongeze kwa mkono wao, na waongeze mapema, kwa sababu shida ikishaanza huenda kwa saa, haiendi kwa siku.

Siku ya kawaida

Mtu mzima hunywa hidrokotizoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zilizogawiwa. Mgawo wa kawaida ni 10 anapoamka, 5 saa 6 mchana, na 5 saa 10 alasiri. Ya alasiri usiisogeze usiku, itakunyima usingizi. Ya asubuhi inywe kabla hujatoka kitandani ikiwa unaamka na kizunguzungu: weka kidonge na gilasi ya maji karibu na mto.

Vidonge vya hidrokotizoni si kila duka la dawa linavyo, Unguja wala Pemba. Prednisoloni ya miligramu 5 hupatikana kwa urahisi zaidi, na kidonge kimoja hicho kinakaribia miligramu 20 za hidrokotizoni. Ukiishiwa, hiyo itakuvusha mpaka umwone daktari. Kukaa bila ya chochote hata siku moja ni hatari.

Ambaye ugonjwa wake uko kwenye adrenali zenyewe huongezewa fludrokotizoni, kwa kawaida mikrogramu 50 hadi 100, kwa sababu amepoteza pia homoni ya kushika chumvi mwilini. Wa pituitari haihitaji. Homoni hiyo haiongozwi na pituitari, inaongozwa na mafigo. Baadhi ya fludrokotizoni lazima zikae kwenye friji na nyengine si lazima, kwa hivyo soma boksi lako, hasa ukiwa pahala umeme unakatika. Na mgonjwa huyu asiambiwe apunguze chumvi kama wanavyoambiwa wenye presha. Yeye chumvi anaihitaji.

Homa

Kipima joto kiwe nyumbani. Joto likipita 38, dozi zote za siku ziwe mara mbili. Likipita 39, mara tatu. Endelea hivyo mpaka upone na ipite siku moja au mbili, kisha rudi moja kwa moja kwenye dozi yako. Anayekunywa prednisoloni 5 mara moja kwa siku anywe 5 asubuhi na 5 jioni. Fludrokotizoni haiongezwi. Siku ya 3 ikifika hujapata nafuu, nenda hospitali.

Pima malaria, pima na mengine, lakini usingoje majibu ndipo uongeze dozi. Watu wengi hukosea hapa: wanaogopa dawa "kali", wanasema kwanza tujue ni nini. Dozi maradufu kwa siku 3 haimdhuru mtu. Dozi ndogo mbele ya homa kubwa inaua.

Kung'olewa jino nako kuna utaratibu wake: miligramu 20 saa moja kabla, kisha dozi maradufu kwa saa 24. Mjamzito uchungu ukianza achomwe miligramu 100, na wakunga waambiwe mapema, tangu kliniki. Siku ya kazi ngumu juani, kama kuchuma karafuu kutwa nzima, wengi huelekezwa waongeze miligramu 5 kabla ya kuanza na wale chenye chumvi.

Kutapika

Hapa vidonge vinakwisha kazi. Ukitapika ndani ya nusu saa tangu umeze dawa, meza nyengine, miligramu 20, na unywe maji ya chumvichumvi kidogo kidogo. Ukitapika tena, achana na vidonge: choma sindano na uanze safari ya hospitali. Kuhara sana ni hivyohivyo.

Muombe daktari akuandikie sindano ya kukaa nayo nyumbani, na mfunze mtu wa pili, kwa sababu saa itakayohitajika wewe mwenyewe utakuwa umelegea. Dawa ni unga wa hidrokotizoni sodiamu saksineti, miligramu 100 katika kichupa. Soma jina vizuri. Ipo hidrokotizoni ya asetati, ya kuchomwa kwenye viungo. Inakwenda polepole mno na haifai kwa dharura.

Osha mikono. Vuta mililita 2 za maji ya sindano, yatie kwenye kichupa, kizungushe viganjani mpaka unga uyeyuke na dawa iwe angavu, haina vipande. Vuta yote, elekeza sindano juu, gonga bomba kwa kidole, sukuma hewa itoke. Mahali pa kuchoma ni upande wa nje wa paja, katikati baina ya nyonga na goti. Ingiza sindano wima mpaka kwenye msuli, sukuma dawa taratibu, chomoa, bana kwa pamba. Ikibidi, choma kupitia nguo nyepesi. Usipoteze muda kumvua mtu aliyezimia. Mtoto chini ya mwaka 1 huchomwa 25, wa mwaka 1 hadi 5 huchomwa 50, wa miaka 6 na kuendelea 100.

Kinachoharibika mara nyingi ni vitu vidogo: kichupa kipo lakini maji ya sindano hayapo, bomba limeisha muda, au dawa imewekwa juu ya kabati chini ya bati ambako joto halitoki. Weka kila kitu ndani ya mfuko mmoja, penye kivuli, na ukague tarehe kila mwezi ukiandama. Dawa iliyokwisha kuchanganywa haiwekwi.

Sindano haimalizi mambo, inakununulia muda. Aliye Kojani, ambako lazima kwanza avuke maji, au Makangale, kule kaskazini ya Pemba, aichome kabla ya kutafuta usafiri.

Na dafu? Kwa mtu mwengine aliyetapika dafu ni zuri. Kwa mgonjwa wa adrenali si kinywaji cha kutegemea: dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na yeye tayari potasiamu yake hupanda na sodiamu yake hushuka. Mpe maji ya pakiti ya ORS, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, au supu yenye chumvi.

Ukifika hospitali

Shida ya kotisoli inafanana na mengi: tumbo linauma, anatapika, presha imeshuka, akili imevurugika. Mpokeaji ataona malaria, vidonda vya tumbo au sumu ya chakula. Usitegemee kujieleza. Andika karatasi, ipige plastiki, ikae pamoja na kitambulisho:

"Nina upungufu wa kotisoli. Nikitapika, nikizimia, nikipata ajali au nikitaka kupasuliwa: hidrokotizoni miligramu 100 ya mshipa au msuli SASA HIVI, msingoje vipimo. Dripu ya chumvi 0.9%, lita 1 katika saa ya kwanza. Pimeni sukari. Kisha miligramu 50 kila saa 6."

Hicho ndicho kipimo cha mtu mzima. Cha mtoto kiandikwe na daktari wake kwa uzito.

Boti

Msimu wa kusi mkondo wa Pemba unachafuka, na kichefuchefu cha boti kwa mgonjwa huyu si jambo la kuvumilia tu. Kunywa dozi yako nyumbani, na chakula, saa moja au mbili kabla ya kupanda. Meza na dawa ya kichefuchefu kama daktari amekuruhusu. Mfuko wa sindano uwe mkononi, usiende na mizigo chini. Dawa za safari zigawe mifuko miwili, na mwambie uliyekaa naye.

Ramadhani

Nenda kwa daktari ndani ya Shaabani, usingoje mwezi uandame. Kwetu saumu inakaribia saa 13 na nusu, na hidrokotizoni haikai mwilini muda huo. Ambaye hali yake imetulia anaweza kubadilishiwa akanywa prednisoloni 5 wakati wa daku, pamoja na fludrokotizoni yake. Aliyelazwa kwa shida hii karibuni, mjamzito, au ambaye pituitari yake imemletea pia maradhi ya kukojoa maji mengi na kiu isiyokatika, asifunge. Aya ya 184 ya Sura Al-Baqara imempa mgonjwa nafasi yake. Anayefunga akipata kizunguzungu, kutapika au homa afungue palepale, anywe dawa na maji yenye chumvi, hata kama imebaki nusu saa magharibi kuingia.

Kolesteroli na dawa nyengine

Kotisoli hutengenezwa kutokana na kolesteroli, kwa hivyo watu huuliza kama statini, dawa za kushusha kolesteroli, zitawamalizia homoni. Hapana, kwa dozi za kawaida hazifanyi hivyo. Kinachopandisha kolesteroli, sukari na kitambi ni kubaki na dozi maradufu baada ya kupona, ndiyo maana tunasisitiza kurudi.

Mgonjwa wa pituitari kolesteroli ikimpanda, apimwe kwanza homoni ya thairoidi (tezi ya shingoni) yenyewe, T4 huru. TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi, peke yake itamdanganya, kwa sababu inatoka kwenye hiyo pituitari iliyoharibika. Na ikionekana anahitaji thairoksini, dawa ya homoni ya thairoidi, kotisoli itangulie. Thairoksini ikianza peke yake huharakisha mwili kuitumia kotisoli ndogo iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuanguka ndani ya siku chache.

Rifampisini ya kifua kikuu nayo huharakisha kuvunjwa kwa hidrokotizoni, na mara nyingi dozi ya kila siku inabidi ikaribie maradufu kwa muda wote wa matibabu. Baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, hufanya hivyo pia. Kila unapoandikiwa dawa mpya, toa ile karatasi yako kabla daktari hajafunga faili.