Kabla hujakabidhiwa funguo: zipange kwanza kilomita 1000 za gari mpya

Wengi wetu huku gari ya kwanza tunayomiliki inatoka Japani ikiwa na kilomita zake elfu themanini na kitu, injini ilishazoeshwa na mtu mwingine zamani, kazi yako ni kumwaga oili, kubadilisha filta na kuondoka. Ndo maana siku ukijaliwa kununua zero kilomita unajikuta mtaani hakuna wa kumuuliza, kila mtu ana lake, mmoja anakwambia iendeshe taratibu kama umebeba mayai mwezi mzima, mwingine anakwambia ikanyage tangu siku ya kwanza izoee. Wote wanakupoteza.

Kaka yangu alinunua pikapu mpya ya dizeli Dar, nyumbani ni Mbeya. Na mfanyabiashara hawezi kukubali gari ipande Mbeya tupu, kwake hiyo ni hasara, basi ikapakiwa mabati na saruji siku ileile mpaka springi zikalala, alfajiri wakaondoka, yani kilomita kama 830 kwa mkupuo mmoja, palipo wazi mguu uko chini muda wote, na mlima Kitonga wakaupanda hivyohivyo na mzigo wake. Gari ilifika vizuri tu na kila mtu akaisifia. Haukuisha mwaka ikaanza kula oili, na fundi alipoifungua tukaona silinda mbili zina mikwaruzo ya wima, unaisikia ukipitisha kucha. Iliniuma sana kwa sababu kitabu chenye maelekezo kilikuwa ndani ya ile gari siku zote, kwenye nailoni yake, hakuna aliyekifungua.

Sasa ndani kunatokea nini. Ukuta wa silinda mpya sio laini kama unavyodhani, kiwandani wanauchora makusudi vimistari vidogo vinavyokatana ili vishike oili. Ringi za pistoni zinapopanda na kushuka zinasaga vile vichongoko vya juujuu mpaka ringi na ukuta vinaelewana, hapo ndo zinaziba sawasawa. Na kinachozisukuma ringi zikae kwenye ukuta ni nguvu ya moto wa mafuta yanayoungua juu ya pistoni. Ukiibebesha sana ikiwa bado mbichi joto linazidi, oili inakuwa nyembamba, chuma kinakwaruza chuma. Ukiibembeleza sana nayo, ringi hazipati msukumo, oili inaungua kidogokidogo na kuacha utando unaong'aa kama kioo, ringi zinateleza juu yake bila kuziba, baadae ndo unaona moshi wa bluu kwenye ekzosi. Kwa hiyo inataka kazi ya wastani, tena inayobadilikabadilika.

Ndo maana cha kwanza kupanga kabla hujalipia ni safari, utaipitisha wapi na itakuwa imebeba nini. Kama gari inatakiwa mkoani, mzigo utafutie lori, hiyo nauli ni ndogo kuliko ovahoo, yani kuifungua injini nzima na kuitengeneza upya. Vitabu vingi vya Toyota vinasema kilomita 300 za mwanzo epuka kufunga breki za ghafla, 800 za mwanzo usivute trela, na mpaka 1000 (vingine mpaka 1600) usikimbize sana, usikanyage mafuta kwa pupa, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, na usiende spidi ileile moja kwa muda mrefu. Hilo la mwisho watu hawalijui kabisa, mtu anaseti kruzi (ile ya gari kujishikia spidi yenyewe) 80 anaona ndo ameitunza gari kumbe injini inazoea sehemu moja tu. Hapa barabara zetu zinatusaidia, toka Dar kwenda Morogoro kila kijiji kina kibao cha 50, unashuka, unapanda tena, unashuka, hiyo ndo dawa yenyewe na trafiki hana cha kukuandikia. Kuendesha foleni ya mjini tu wiki nzima haitoshi, tafuta siku uipeleke nje ya mji.

Mshale wa RPM, unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, ndo wa kuangalia kuliko spidi, usivuke nusu au kwa muda mfupi theluthi mbili ya pale wekundu unapoanzia. Ukifika mlimani na manyuo, yani gari ya kubadili gia kwa mkono, usiing'ang'anize gia kubwa mpaka injini itetemeke, shusha gia mapema. Na ile tabia ya kuwasha asubuhi na kuiacha inanguruma nusu saa kabla ya kutoka, acha, washa, subiri sekunde chache, ondoka taratibu mpaka geji ya joto ipande.

Amua mapema nani ataendesha, awe mmoja au wawili mnaoelewana, maana ukimwachia kila shemeji ajaribu kidogo hujui nani alifanya nini.

Oili muulize muuzaji kabla ya kusaini, sevisi ya kwanza ni kilomita ngapi, inafanyiwa wapi, na gerentii inakatika ukiikosa au la. Usikimbilie kumwaga oili ya kiwandani kwa sababu fundi wa mtaani kasema, fuata kitabu cha gari yako. Ila kuipima pima, kila wikiendi, gari ikiwa sehemu tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa, maana injini mpya inaweza kunywa kidogo mwanzoni na ikishuka chini ya alama ukaendelea kutembea hiyo ni hatari kweli. Tairi mpya pia zinateleza kidogo siku za mwanzo hasa mvua ikinyesha, na pedi za breki hazijashika vizuri, acha nafasi kubwa na wa mbele.

Vijana wa bodaboda haya yanawahusu kuliko hata wenye magari, kwa sababu nyie ndo mnanunua vyombo vipya kabisa. Boxer au TVS imetoka dukani asubuhi, mchana ishapakia mishikaki inapanda mlima kwa gia ya mwisho. Najua marejesho ya bosi hayasubiri, kwa hiyo ongea nae kabla hajakukabidhi, mwambie wiki ya kwanza hesabu ipungue, abiria mmoja mmoja, na oili ya kwanza ibadilishwe kwenye kilomita 500 au ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Na gari iliyotoka ovahoo ikafungwa ringi mpya, hesabu kwamba ni zero kilomita, tena hiyo oili imwage mapema zaidi, maana ina vumbi la gereji na chembe za chuma ndani.