Kutia rangi vifungo na bangili za plastiki angavu nyumbani

Kitenge cha rangi ya haradali au kijani cha parachichi hakipati kifungo chake dukani kirahisi. Vifungo angavu, vile vinavyopitisha mwanga, ni rahisi kuvipata na bei yake ni ndogo. Ukijua kuvitia rangi, gauni la mteja linatoka na vifungo vyake halisi, na bangili ya kuvalia juu. Maelezo haya yametokana na maswali ya fundi mwenzangu niliyekuwa nikimwelekeza.

Hatua ya 1: Ijue plastiki

Tumbukiza kifungo kwenye bakuli la maji na ukizamishe kwa kidole. Kikiibuka na kuelea, hiyo ni polipropilini au polithini. Weka kando, rangi haitashika. Kikizama, endelea. Vifungo vingi vya shati ni vya resini ya poliesta na hushika vizuri. Nailoni hushika upesi zaidi. Bangili nyingi angavu ni za akriliki: zinashika, ila hazivumilii moto. Daima toa kimoja cha kujaribia. Lenzi za miwani ya macho usiziguse kabisa.

Hatua ya 2: Rangi

Rangi za batiki ziache, zimetengenezwa kushika pamba. Tafuta chupa au pakiti iliyoandikwa kuwa ni ya poliesta au sintetiki, kama Rit DyeMore au iDye Poly ya Jacquard. Chembe za rangi hizi haziyeyuki sawasawa majini. Joto likilegeza plastiki, zinapenya ndani yake na kubaki humo. Ndiyo maana siwashauri watu kupaka rangi ya kucha: inakaa juu tu, na uzi ukisugua matundu ya kifungo inabanduka.

Mimi hutumia vijiko viwili vya chai vya rangi ya maji kwa lita moja, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Kama ni ya unga, ikoroge kwanza kwa maji moto kidogo kisha ichuje kwa kitambaa, la sivyo utapata madoadoa.

Hatua ya 3: Joto

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo soma pole pole.

Maji yakiwa vuguvugu, rangi inabaki majini na kifungo kinatoka kimepauka. Yakichemka kwa nguvu, bangili ya akriliki inapinda, na ikishapinda hairudi duara lake. Kwa akriliki ninashikilia nyuzijoto 80 hadi 85. Vifungo vya poliesta na nailoni vinastahimili maji yanayokaribia kuchemka. Nunua kipimajoto cha jikoni. Kukadiria kwa mvuke hakutoshi. Tena mahali ulipo panahusika: Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye takribani 94. Fundi wa Nairobi akiambiwa "chemsha dakika kumi" anahitaji kuongeza muda.

Jiko la mkaa silipendi kwa kazi hii, moto wake haushuki unapotaka ushuke. Tumia gesi, na uweke sufuria ya rangi ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Ya rangi iwe ya stenlesi au enameli, na isirudi tena kupikia chakula. Fungua madirisha, vaa glavu.

Kitu kisiguse kitako cha sufuria, kwa kuwa pale pana joto kuliko kipimajoto kinavyoonyesha. Vifungo vitunge kwenye uzi wa pamba, bangili zining'inize kwenye kijiti kilicholala juu ya mdomo wa sufuria. Tikisa mara kwa mara. Vikigandana, vinabaki na alama nyeupe.

Hatua ya 4: Kuangalia rangi

Anza kuangalia baada ya dakika tano. Usikihukumu kifungo kikiwa kwenye rundo: plastiki angavu inapitisha mwanga, kwa hiyo vikirundikana vinaonekana vimekolea kuliko kimoja peke yake. Suuza kimoja, kiweke juu ya kitenge chenyewe, nenda nacho mlangoni penye mwanga wa jua. Kikiwa bado, rudisha. Kutoa rangi iliyozidi ni vigumu mno, kwa hiyo kitoe mapema. Nyeusi usihangaike nayo, nunua vifungo vyeusi.

Hatua ya 5: Kupoza na kujaribu

Hamishia kwenye maji ya moto, kisha vuguvugu, kisha baridi. Akriliki ikipozwa ghafla inaweza kupata nyufa ndogondogo, na spiriti huleta nyufa hizohizo, kwa hiyo futa kwa maji na sabuni tu.

Kabla ya kugusa gauni, shona kifungo kimoja kwenye kipande cha kitambaa cheupe cha poliesta na ukifue kwa maji moto. Kitambaa kikibaki cheupe, shona vyote. Kikichukua rangi, viosheni vifungo tena kwa maji moto na sabuni, kisha rudia jaribio.