Manesi, hivi ndivyo mnavyoweza kuwabana mabosi kuhusu bonasi zao na bajeti kukatwa

Jamani kulalamika kwenye chumba cha chai hakutoshi, nimelalamika miaka na hakuna kilichobadilika. Kinachowagusa wakubwa ni maandishi. Kila shifti andika wagonjwa walikuwa wangapi, manesi wangapi, na nini hakikufanyika kwa wakati. Ukiandika "tulizidiwa" wanaitupa, andika "saa nane usiku, wagonjwa 28, manesi 2, dawa ya maumivu kitanda cha 6 ilichelewa dakika 50", maana mimi yule mama wa kitanda cha 6 bado namkumbuka alivyong'ang'ania mkono wangu huku mwenzangu yuko bize na dripu ya mtu mwingine, na wiki hiyohiyo tukasikia wakubwa wamepata bonasi. Iliniuma sana.

Majina ya wagonjwa usiandike kabisa. Ripoti mpe msimamizi, ubaki na nakala.

Halafu bonasi. Hospitali ya umma inaendeshwa na hela ya umma, kwa hiyo ripoti za mwaka na za ukaguzi mara nyingi ziko wazi, tafuta malipo ya wakurugenzi uyaweke pembeni ya bajeti ya wafanyakazi. Taja pia utafiti wa Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, 2002: kwa wagonjwa wa upasuaji, kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi, uwezekano wa kufariki ndani ya siku 30 unapanda kama 7%.

Usiende peke yako, watakutia alama. Nendeni na chama cha wafanyakazi, barua moja sahihi nyingi, muulize hizo bonasi zingeajiri manesi wangapi na mdai jibu kwa maandishi.